Amepoa Vipi?

Wifi yangu ni daktari katika chumba cha dharura cha watoto, na mimi ni muuguzi katika chumba hichohicho. Ukisikia hivyo ukasema tuna bahati, basi hujawahi kufanya kazi na wifi yako. Nyumbani yeye ni mke wa kaka yangu, na nina ruhusa ya kumtania mpaka anune. Kazini yeye ndiye mkubwa, na ana ruhusa ya kunifokea mpaka ninune mimi. Tumegawana siku namna hiyo kwa miaka mingi na bado tunasalimiana.

Kina mama wa foleni wamempa jina. Wanamwita Daktari Mvueni, kwa sababu ndilo neno la kwanza linalomtoka, wakati mwingine kabla hata ya salamu. Mtoto anakohoa? Mvueni. Ana homa? Mvueni. Ameumia kidole kwa mlango? Mvueni, kidole tutakitazama, lakini kwanza mvueni. Hawezi kumpima mtoto aliyevaa nguo, na hataki kusikia kwamba kuna baridi.

Ana sababu zake. Mbavu zinazozama kila mtoto akivuta pumzi huwezi kuziona juu ya sweta. Ngiri iliyokaza kinenani huwezi kuiona kupitia suruali. Aliwahi kuletewa kichanga kilicholia kutwa nzima, kimeshapita kwa watu wawili wakakipa dawa ya tumbo. Wifi akakivua mpaka soksi. Kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimevimba, kimekuwa chekundu kama pilipili, kwa sababu unywele wa mama yake ulijiviringisha humo ndani ya soksi ukakikaba. Alipoukata, kichanga kikanyamaza, kikalala. "Ndiyo maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," akamwambia yule mama. Yule mama akageuka taratibu kumtazama mama mkwe wake aliyemsindikiza, na tukapata kazi nyingine ya kuwasuluhisha.

Lakini watu hawasikii. Unamwambia mtu kila siku kwamba mtoto mwenye homa apunguziwe nguo, kesho anakuletea mtoto mwenye homa kafungwa kama mzigo wa safari: fulana, shati, sweta, sweta la pili, kofia ya sufu, soksi, blanketi. Mtoto anatoka jasho, mama anatoka jasho kwa kumbeba, na bibi yake amesimama pembeni akisema, "Mfunike, Daktari atamwingiza upepo." Wifi huwa anafumba macho kidogo hapo. Najua anahesabu hadi kumi asije akafoka.

Kitu kingine kinachomchosha ni maneno. Anasema ugonjwa haumshindi, yanayomshinda ni maelezo ya ugonjwa. "Hali chochote," anaambiwa, na mtoto yuko mbele yake anatafuna biskuti. "Ilianza jana," na ukichimba unakuta jana yenyewe ni ya wiki iliyopita. Mama akiulizwa, bibi anajibu. Bibi akiombwa anyamaze, baba anapiga simu kutoka anakojua yeye, anataka daktari apewe simu aelekezwe dawa ya kuandika. Sindano wanaipenda wote. Mtoto akitoka bila kudungwa wanaona wametapeliwa.

Na katika maneno yote, kuna moja linalomtoa roho. Neno hilo ni "amepoa."

Alitukusanya siku moja akatueleza kwa nini, na sura yake haikuwa ya mzaha. Uji hupoa, alisema. Homa hupoa. Mtu mkali hupoa. Kijana ukimuuliza habari zake anakwambia poa. Mtoto mchangamfu akiishiwa nguvu akakaa kimya kama mgeni, mama yake anasema amepoa. Na mtoto ambaye mikono na miguu imekuwa ya baridi kwa sababu damu imeshindwa kufika, huyo naye, Mungu apishe mbali, husemwa amepoa. Kwa hiyo neno hilohilo linambeba mtoto wa kurudi nyumbani na mtoto wa kukimbizwa. Akalipiga marufuku. Mzazi akilisema, lazima tumuulize: amepoa vipi? Na mfanyakazi yeyote atakayelisema au kulipokea bila kuuliza, atawatengenezea chai watu wote wa chumba kile.

Mimi nimetengeneza chai hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mlinzi wa mlangoni ameitengeneza. Daktari mwenzake ameitengeneza, ikawa na sukari ya kuua. Yeye mwenyewe hakuwahi kushika birika hata mara moja, na alikuwa akitukumbusha hilo kila tunapokunywa.

Siku ninayotaka kuisimulia, yule daktari mwenzake alikuwa semina. Semina yenyewe ilikuwa kuhusu namna ya kuhudumia wagonjwa wengi kwa wakati mmoja. Wagonjwa wengi kwa wakati mmoja walikuwa kwetu, foleni imefika hadi kwenye mlango wa choo, na daktari aliyebaki ni wifi peke yake. Alikuwa ameinama juu ya kichanga akitafuta mshipa mgongoni mwa kiganja, nami nimeushika mkono wa kichanga, simu yake ikaanza kulia mfukoni mwangu. Huniachia mimi simu kwa sababu ya glavu. Nikaitoa kwa mkono mmoja. Alikuwa binti yake, nikaiweka kwenye spika.

Binti huyo ndiye mzazi wa mjukuu wetu wa kwanza. Anaishi kwa wazazi wake kwa muda, kwa sababu mumewe yuko mbali kikazi. Mtoto ana miezi tisa, na jina lake la nyumbani ni Mwenyekiti. Tangu alipojua kukaa, hukaa katikati ya mkeka akaegemezwa mito, na watu wazima wote wanapita mbele yake kumpelekea vitu avikatae.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sema upesi, nina sindano mkononi."

"Mwenyekiti analia tangu alfajiri. Analia sana, anakunja miguu, halafu ananyamaza, halafu anaanza tena. Na ametapika."

"Ana homa?"

"Hana. Ila sasa amepoa."

"Haya, afadhali. Gesi hiyo, au meno. Mwache apumzike, akiamka mnyonyeshe."

"Lakini Mama, naona kama..."

"Mwanangu, nitakupigia."

Nikakata simu. Nikamwambia, "Wifi, chai."

"Chai ya nini?"

"Neno limetajwa na umelipokea. Sheria ni yako."

"Limetajwa na mwanangu, si mgonjwa. Shika mkono wa mtoto, uache mdomo." Akaupata mshipa. Nikacheka, yeye akanuna, tukaendelea.

Foleni ikatuletea ya kutuletea. Alikuja mtoto aliyeungua kwa chai ya moto, na badala ya maji wamempaka dawa ya meno kifua kizima, tukaanza kazi ya kuiosha huku yeye anapiga mayowe na shangazi yake anatueleza kwamba dawa ya meno ni baridi. Alikuja mwingine aliyeingiza kifungo puani, na wakati tunakitoa, baba yake akatuambia kwa fahari kwamba hiki ni cha pili. Wifi alikuwa amefika mahali pa kutojibu tena. Anafanya kazi, anapumua kwa nguvu, anasema "mwingine."

Mwingine akawa fundi seremala. Nilijua kazi yake kwa vumbi la mbao lililokuwa limeganda kwenye nyusi. Alikuwa amembeba binti yake mdogo ndani ya koti lake mwenyewe, na aliingia kwa upole, kama mtu anayeogopa kusumbua.

"Una shida gani, fundi?" wifi akamuuliza.

"Alikuwa anaharisha, Daktari. Siku nyingi kidogo. Asubuhi alikuwa analia sana, anataka maji. Sasa amepoa."

"Amepoa vipi?"

"Amepoa tu. Hataki kitu. Ananitazama."

"Mvue. Umefika saa ngapi hapa?"

"Zamani. Mlinzi aliniuliza mtoto ana hali gani, nikamwambia amepoa. Akasema basi kaa pale nyuma, wapite kwanza wanaolia."

Nilishaanza kulitoa lile koti. Ndani yake kulikuwa na mtoto aliyenitazama bila kunitazama. Macho yamezama. Wifi akamfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaachia, na ile ngozi ikabaki imesimama pale ilipofinywa kama kitambaa. Akamshika miguu. Baridi ilikuwa imepanda hadi magotini. Tukambeba hadi kitandani mbiombio, na wifi, mikono yake ikiwa inatafuta mshipa, akaanza kumfokea mlinzi aliyekuwa mlangoni. Alifoka kiasi kwamba foleni nzima ilisimama.

"Anayelia ana nguvu za kulia! Nimewaambia mara ngapi? Anayelia ndiye akae nyuma! Mtoto aliyelia tangu alfajiri, halafu akanyamaza na hakuna aliyemtibu, huyo hajapona, amechoka! Amechoka hata kulia, na nyinyi mnasema amepoa, mnasema afadhali..."



Aliinua uso akanitazama. Nami nilikuwa nimeshafika alipofika, kwa sababu simu ile niliishika mimi. Tangu alfajiri. Anakunja miguu. Afadhali. 

"Wifi," akaniambia kwa sauti ndogo. Mbele ya wagonjwa huwa ananiita Sista. "Mpigie."

Hakuondoka pale kitandani. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu kuna watu wanasema ana roho ngumu. Mtoto wa fundi hakuwa na mshipa hata mmoja unaoshikika, yote ilikuwa imesinyaa, na daktari mwingine hakuwepo. Akachukua sindano ya mfupani, akapapasa chini ya goti, akaisukuma mpaka ikaingia kwenye mfupa. Fundi akageukia ukutani. Mimi nilikuwa nimebana simu kwa bega huku nimeushika ule mguu.

Simu ya binti haikupatikana. Yule mwanamke wa kwenye simu, ambaye hajawahi kuwa na haraka maishani mwake, akanieleza kwa adabu kwamba nijaribu tena baadaye. Nikajaribu tena palepale, akanieleza tena. Basi nikampigia kaka yangu.

Kaka yangu ni mwalimu mstaafu. Ni mtu mwema, na ukimpigia simu nyumba ikiungua atataka kwanza kujua umeamkaje.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Ni mimi, kaka. Mwenyekiti yuko wapi?"

"Siku hizi watu hawasalimiani?"

"Shikamoo, kaka! Mtoto yuko wapi?"

"Marahaba. Hamjambo huko kazini?"

"Kaka, mtoto!"

"Si huyu hapa mapajani mwangu. Yuko poa tu, amelala. Mama yake ndiyo kwanza ameingia kuoga, maskini, hajapumzika tangu alfajiri."

Kutoka kitandani wifi akapaza sauti bila kuinua kichwa. "Mwambie amvue!"

"Anasema umvue nguo."

"Kuna baridi huku. Na mtu akilala haamshwi. Haraka haraka haina..."

"MVUE!" wifi akapiga kelele, na korido nzima ikasikia. Mlinzi aliniambia baadaye kwamba kina mama wawili kule nje walianza kuwavua watoto wao papo hapo.

Nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu. Nikasikia zipu.  Kaka aliporudi kwenye simu, sauti ya ualimu ilikuwa imeondoka.

"Mdogo wangu, mtoto amekuwa mweupe midomoni. Nimemvua zote na hakushtuka. Nimemtekenya nyayo, hakushtuka." Halafu nikasikia kilio. Kilikuwa kilio kikali, kifupi, cha mtu anayekatwa. "Ndiyo hivyo anavyofanya, anakunja miguu mpaka kifuani. Sasa amenyamaza tena. Na kwenye nepi kuna kitu. Kama ute. Mwekundu."

Nilimrudishia wifi maneno hayo kama yalivyokuja, bila kupunguza. Alikuwa anasukuma maji kwa bomba la sindano kuingia kwenye mfupa wa mtoto wa fundi, na hakuacha kusukuma.

"Waje," akasema. "Sasa hivi, na wasimpe kitu chochote mdomoni. Hata maji."

"Kaka, mleteni sasa hivi. Msimpe kitu mdomoni."

"Sawa, ngoja nibadilishe shati."

Sitaandika nilichomwambia kaka yangu mkubwa, aliyenilea, aliyenisomesha. Alikuja bila kubadilisha shati.

Ugonjwa wenyewe niueleze, maana baadaye kila ndugu aliuliza. Utumbo wa mtoto mchanga wakati mwingine hujiingia wenyewe, kipande kimoja kinazama ndani ya kinachofuata, kama mkono wa sweta unapovutwa vibaya ukabaki umejikunja kwa ndani. Ukibana, mtoto analia. Ukilegea kidogo, ananyamaza. Anaporudia mara nyingi, nguvu zinamwisha, anakaa kimya hata kati ya vilio, na kila mtu nyumbani anashukuru Mungu. Wakati huohuo utumbo uliobanwa unakosa damu. Ukikosa damu muda mrefu unaoza, na mtoto anaweza kufa akiwa kimya vilevile. Tulichokuwa hatukijui ni utumbo wa Mwenyekiti ulikuwa umebanwa kwa muda gani.

Walikuja na gari la jirani. Binti alikuwa na nywele mbichi, povu la sabuni bado liko nyuma ya sikio. Kaka ndiye aliyembeba mtoto, na nilipomwona mtoto nilitaka kukaa chini nilie kwa hasira. Fulana. Sweta. Sweta la pili. Kofia. Blanketi lile la maua.

"Kulikuwa na upepo njiani," kaka akasema.

Wifi hakufoka, na hapo ndipo niliogopa kwelikweli. Alimvua mjukuu wake mwenyewe, nguo moja baada ya nyingine, akiziweka kitandani vizuri kana kwamba anazikunja za kabatini. Akaweka vidole tumboni, akavitembeza polepole hadi chini ya mbavu za kulia. Vikasimama hapo. Nilijua amelipata donge. Akaniambia nimwite daktari wa upasuaji, na mimi nilikuwa nimeshamwita.

Daktari wa upasuaji ni mwanamume mfupi asiye na maneno mengi. Aligusa mahali palepale, akatikisa kichwa kukubali. "Tutasukuma hewa kwa njia ya haja kubwa, utumbo urudi. Utumbo ukikataa, nampasua." Halafu akamtazama wifi. "Na wewe huyu si mgonjwa wako. Toka hapo."

Wifi akatoka hapo. Nilifikiri atamfuata mjukuu hadi chumba cha eksirei, alikopelekwa kusukumwa hewa, angalau asimame mlangoni. Binti alikwenda. Kaka alikwenda hadi kwenye benchi la korido, akakaa akiwa ameshika ile kofia. Wifi akavaa glavu mpya, akasema, "Mwingine."

Ningefanya nini? Nikamwita mwingine. Foleni haikujua kitu, na hata ingejua, kila mtu mle alikuwa na wake. Wifi alimpima mtoto wa kwanza, akampima wa pili. Alifanya kila kitu kama inavyotakiwa, isipokuwa sauti ilikuwa imemwishia, na alipokuwa akisema "mvueni" kina mama walikuwa wananitazama mimi niwatafsirie. Mmoja aliyemkuta amemfunga mtoto wake kwa mablanketi mawili akaanza kuomba radhi mapema. Wifi akamwambia, "Si kitu, mama. Mvue tu." Yule mama alishangaa kuliko kama angefokewa.

Kwenye kitanda cha pembeni yule binti wa fundi akafumbua mdomo. "Maji," akasema. Kidogo, kwa sauti ya kukwaruza. Halafu akasema tena kwa hasira, kama mtu aliyeagiza kitu akacheleweshewa. "Maji!" Fundi akaweka uso kwenye ukingo wa kitanda.

"Nimnyamazishe mtoto?" mlinzi akauliza. Maskini, alikuwa anajaribu kusaidia.

"Mwache adai," wifi akasema.

Tukasubiri. Sijui ni muda gani. Najua nilipanga pamba ileile mara nyingi. Wifi alikuwa anasikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi, ameziba masikio kwa kile chombo chake, kwa hiyo mimi ndiye niliyesikia kwanza. Kutoka mwisho wa korido kilikuja kilio. Hakikuwa kile kifupi cha kwenye simu. Kilikuwa kirefu, kimejaa, cha mtu aliyedhulumiwa haki yake na anataka mashahidi. Kilipanda, kikavuta pumzi, kikapanda tena. Alikuwa Mwenyekiti.

Nikamgusa wifi begani. Akatoa kile chombo masikioni.

"Maskini mtoto wa watu," akasema mama mwenye mtoto wa kikohozi. "Wanamtesa huko."

 Wifi alisimama pale amefumba macho, na safari hii hakuwa anahesabu. Daktari wa upasuaji akatokea mlangoni akifuta mikono. "Mara ya kwanza utumbo ulikataa. Ya pili umerudi. Rangi imeanza kumrudia." Akaanza kuondoka, akageuka. "Mngengoja hadi jioni tungekuwa tunaongea mengine." Nilimchukia kwa kusema hivyo, ingawa alisema kweli.

Tukawakuta wodini. Mwenyekiti amelala kifuani kwa mama yake, uchi, amefunikwa shuka jepesi tu, dripu mkononi, bado ananung'unika usingizini. Kaka amekaa kando. Na wifi, badala ya kumshika mtu mkono, akafanya lile ambalo watu wenye hofu hulifanya hofu ikishapita. Akafoka.

"Kwa nini hukuniambia? Wewe ni mtoto wa daktari! Umekulia nyumbani kwangu, unajua maswali yangu yote! Mtoto analegea mikononi mwako, unakaa nyumbani unaoga! Kwa nini hukuniambia?"

Binti hakupandisha sauti. Alikuwa anampapasa mtoto mgongoni.

"Nilikwambia, Mama. Nilisema amepoa. Nilikuwa na maana amenyamaza, amelegea. Wewe ndiye uliyesema afadhali."

"Ungeeleza!"

"Nilitaka kueleza, ukakata." Akanitazama kidogo, kwa sababu aliyekata ni mimi, akanisamehe, akarudi kwa mama yake. "Wageni wakija kwako na neno hilo unawauliza, amepoa vipi. Mimi hukuniuliza. Bora ningekuja nikae kwenye foleni, Mama. Ungeniuliza."

 Kaka yangu, ambaye hajawahi kuona kimya asichotaka kukijaza, akakohoa. "Wahenga walisema mganga haji..." Nikamkanyaga mguu.

  Wifi aliinama, akamgusa mjukuu unyayoni kwa kidole kimoja. Mwenyekiti akarusha mguu kwa hasira. Akamgusa tena, akarusha tena. Halafu akageuka akatoka, tukasikia viatu vyake vikipotea kwenye korido.

Binti akaanza kulia. "Shangazi, nimemkosea."

"Hujamkosea," nikamwambia. 

Wifi alikawia. Nilikuwa nimeanza kuondoka kwenda kumtafuta aliporudi, anasukuma mlango kwa bega, ameshika sinia kwa mikono miwili. Birika, vikombe, sukari. Nyuma yake alikuwa mlinzi wetu ameshika kikombe chake tayari, na sura ya mtu aliyeona muujiza ambao hatathubutu kuusimulia. Wifi alikuwa ameshampitia hata fundi kule chumba cha dharura, akampa kikombe chake. Akaiweka sinia mezani, akatumiminia mmoja mmoja. Binti yake akampa kwanza, akasimama mbele yake mpaka alipopokea, na mikono yao ikakaa kwenye kikombe kile muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji. Mimi akanipa bila kunitazama. Nilikuwa na utani mkubwa sana ulimini, nikaumeza pamoja na chai.

Kaka akanywa, akakunja uso. Kutoka chumba cha dharura hadi wodini ni mbali, na wifi alikuwa amepita akigawa njiani.

"Imepoa," akasema.

Sote tukaacha kunywa. Mlinzi akatazama sakafu. Wifi akamgeukia mumewe.

"Imepoa vipi?" akamuuliza.

Kaka alifikiri, maana ni mwalimu na swali huliheshimu. "Imekuwa ya baridi," akasema.

"Asante," wifi akamwambia, akachukua birika, akaenda kuipasha.